Baiskeli ya Kuazima, Konde hadi Makangale

Ichukue, Kidawa, lakini nisikilize kwanza.
Breki ya mbele ni pambo.
Ya nyuma inashika, ila haipendi kushtukizwa:
ibembeleze mapema, kabla mteremko haujakuzoea.
Tandiko nimelijaza makumbi, nikalifunga kipande cha kanga.
Jina lake limekaliwa miaka kumi na moja,
yamebaki maneno mawili, na mimi siyasemi.

Toka Konde kabla jua halijapata nguvu.
Lami itakusindikiza kama mwenyeji mchoyo,
hatua chache, kisha inarudi kwake.
Hapo zinaanza kokoto.

Usizipige vita.
Asiyezoea huung'ang'ania usukani
kama aliyekamata kuku wa watu.
Legeza viwiko. Gurudumu la mbele liache litafute,
linajua; limepita hapa na magunia ya muhogo,
na mbuzi mmoja aliyekataa kufungwa,
na baba yako, usiku wa ile homa,
nimemfunga mgongoni kwangu kwa shuka
asianguke.
Tulifika.

Kilima cha kwanza utakipanda umekaa.
Cha pili, simama juu ya pedeli.
Cha tatu shuka, usukume. Hakuna anayekutazama,
na anayekutazama naye alisukuma jana.
Kwenye kona utakuta majamvi ya karafuu yamekula nusu ya njia.
Pita ukingoni, hata kama ukingo ni mchanga mtupu:
ukikanyaga moja tu, Bi Asaa atakutaja
wewe, mama yako, na nyumba mliyotoka.
Ila vuta pumzi. Harufu haipimwi kwa kilo.

Halafu msitu.
Utaujua kabla hujauona:
jasho la shingoni litapoa ghafla,
kama mtu amefungua mlango wa nyumba ya udongo.
Njia ni nyekundu, halafu nyeusi,
na majani yaliyolala yanaficha mizizi.
Mizizi ikate moja kwa moja. Ukiiendea upande
itakulaza chini, na itakulaza taratibu,
ili uone.
Popo wananing'inia kule juu kama miavuli iliyosahauliwa,
usiwapigie kengele.
Kengele yenyewe imekufa, ndio nakumbuka.
Kwenye kona sema hodi.

Bondeni, mkono wa kushoto, kuna bwawa.
Sikwambii usimame.
Nakwambia tu kwamba mimi sijawahi kulipita
bila kusimama, isipokuwa usiku ule.
Yungiyungi mmoja, kereng'ende wawili,
na maji yasiyotaka habari za mtu.
Hapo ndipo cheni hupenda kuchomoka.
Irudishe kwa kijiti, si kwa vidole,
watoto wa skuli wasije wakaona mwalimu mpya
ana kucha za fundi.
Solusheni na viraka vimo kwenye kopo la maziwa chini ya kiti.
Pampu sina. Pampu anayo Mbwana Faki,
na Mbwana Faki anayo tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Daktari wa Wete amelishika goti langu,
akalikunja, akalikunjua, akaandika.
Sikumuuliza ameandika nini.
Nilikuwa nahesabu moyoni: mtaro, mfenesi, daraja la mbao,
pale changarawe inapokoroma,
pale inaponyamaza.
Dawa aliyonipa ni ya kuchua.
Njia nzima ingali humu mguuni, haichuliki.

Jioni ukirudi, usinambie umefika salama,
hilo nitaliona.
Nambie kilima cha tatu ulishukia wapi.
Penye mfenesi? Wengi hushukia penye mfenesi.
Mimi nilikuwa nafika kwenye jiwe jeupe,
na siku moja, mvua imetoka kunyesha,
nililipita jiwe kwa urefu wa baiskeli mbili.
Hakuwepo shahidi.

Na siku utakayokipanda chote bila kugusa ardhi,
nyamaza, Kidawa.
Kaa nalo wiki moja.
Halafu njoo unambie taratibu,
mimi nikiwa nimekaa.